Wavu wa Masizi na Cheche

Daktari wa mifugo alipomfunua Masizi mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa. Fundi wa kuchomelea, mwenye paka, aliinama kutazama. Paka huyu mweusi tii ndiye aliyewahamisha panya wote wa karakana. Sasa alikuwa mwepesi kama glavu tupu.

Daktari alidondosha damu ya Masizi kwenye kipimo kidogo. "Mstari mmoja, hana kitu. Miwili, ana virusi vya saratani ya damu."

"Kama kipimo cha mimba," mke wa fundi akasema.

"Na huyu ni dume," fundi akajibu. Hakuna aliyecheka.

Ikatokea miwili.

Daktari hakumung'unya maneno. Sampuli nyingine ingekwenda maabara kuthibitisha, lakini dalili zilijieleza. Virusi hivyo havina dawa ya kuviondoa. Angetibu homa na kupambana na upungufu wa damu. Masizi akilishwa vizuri na asitoke nje, angeweza kuishi muda.

Kisha akampima Cheche, paka mwekundu waliyemleta pamoja naye, ndugu yake Masizi wa tumbo moja. Mstari mmoja.

"Huyu amenusurika," fundi akasema.

"Bado. Kama ameambukizwa karibuni, kipimo hakioni. Mrudishe baada ya wiki kadhaa. Mpaka hapo watenge. Ugonjwa unakaa kwenye mate, fundi. Wasile sahani moja, wasirambane."

Fundi alifanya analolijua. Alikata chumba cha nyuma ya karakana katikati kwa wavu wa chuma, kuanzia sakafuni hadi darini. Aliweka wavu makusudi, si bati, kwa sababu Masizi asipomwona Cheche hali chakula.

"Hapa hata simba hapiti," alimwambia mkewe.

Maabara ilithibitisha ugonjwa. Masizi akameza dawa, akaanza kula. Fundi akatembea kifua mbele.

Asubuhi ya kumrudisha Cheche kwa daktari, aliingia na kikapu, akasimama mlangoni. Cheche alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye wavu, macho kafumba. Ulimi wa Masizi ulipenya tunduni, ukimsafisha taratibu, kama kazi ya kila siku. Manyoya ya pale yalikuwa yamelowa.

Mkewe alichungulia begani kwake. "Simba hakupita, baba. Ulimi ndio umepita."

Fundi alimwinua Cheche, akamtia kikapuni.

Kwa daktari alisema ukweli wote, kavu kavu. Tone la damu likaanguka. Fundi alikodolea macho pale mstari wa pili unapotokea mpaka yakamwasha, kama aliyechomelea bila miwani.

Mstari mmoja.

Alipumua. Daktari hakupumua naye. "Kama wamerambana mpaka leo, jibu hili halitoshi. Tunaanza kuhesabu upya."

"Upya kabisa?"

"Upya. Akivuka wiki hizo salama, tutamchanja."

Karakanani, fundi alichukua bati zima akalifunga juu ya wavu kwa skrubu, asiwatishe kwa moto wa kuchomelea. Masizi alilia. Sahani akaipa mgongo.

Mkewe alimkuta fundi amekaa sakafuni upande wa mgonjwa, chakula chake cha mchana mapajani.

"Utahamia huku?"

"Virusi hivi haviambukizi watu. Nimeuliza." Akaisogeza sahani ya paka. "Kula, bwana. Mimi ndiye ndugu niliyebaki."

Masizi alimnusa kidole, akakiramba, akainama akala kidogo. Nyuma ya bati, kucha za Cheche zilikuwa zinakwaruza, zinatulia, zinakwaruza tena.