Beji ya Usafi

Kila Jumapili, baada ya matangazo, mtoto aliyetimiza lengo lake hupanda juu ya kiti mbele ya waumini. Hutaja alichojifunza, kanisa zima huitikia "Tumeona!", wakiwemo wasioona kitu, na mwalimu wa watoto humbandika beji kifuani.

Siku hiyo alipanda Bosi, mtoto wa kiongozi wa kwaya, shati lake jeupe likiwa limenyooka kwa pasi.

"Nimejifunza kufua nguo zangu mwenyewe."

"Tumeona!"

Beji ya Usafi ilikaa kifuani mwake kwa muda wa pambio moja. Kisha ikajichomoa, ikateremka kwenye suruali na kushika njia kuelekea nyuma. Waumini walisogeza miguu ili ipite. Ilipofika benchi la mwisho ikapanda gauni la binamu yake Bosi.

Mama yake binti huyo alikuwa dada wa kiongozi wa kwaya, na tangu azikwe, binti aliishi kwa kina Bosi na mashati yote ya nyumba ile aliyafua yeye. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Wahenga walisema yatima hadeki; hawakusema afulie ukoo mzima. Alitamani kupanda kile kiti, hata mara moja, asikie "Tumeona" ikiwa yake.

Mwalimu alimfuata. "Samahani mwanangu, hii ina mwenyewe." Akairudisha kwa pini mbili.

Jumapili iliyofuata ikaondoka na pini zote mbili. Wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakazilaumu pini: za siku hizi ni bati tupu. Habari ya nani aliyefua shati haikuguswa. Hakuna aliyetaka kumfunga paka kengele. Kiongozi wa kwaya ndiye aliyekata shauri.

"Huyu abaki nyumbani tu. Anavuruga ibada ya watu."

"Sawa, mama mdogo," binti akasema.

Jumapili ya tatu beji ilitoka mlangoni mwa kanisa, ikangoja magari yapite, ikavuka barabara na kupenya chini ya mlango wa uani. Ilimkuta ameinamia beseni. Ikampanda kifuani, ikatulia.

Binti alijifuta mikono, akageuza ndoo, akapanda juu yake.

"Nimejifunza kufua," akasema.

Akasubiri kidogo, kiasi cha watu kuitikia. Kisha akashuka, akaitoa beji, akaibandika kwenye shati la Bosi lililokuwa kwenye kamba, maana Jumapili ijayo angeihitaji.