Macho ya Ndege wa Vikindu

Kwaru, kwaru, kwaru. Alfajiri ilikuwa bado, na ndani ya nyumba ya makuti pale Chang'ombe kitu kilikuwa kikiparuza. Tunu alidhani ni panya kaingia kwenye unga. Akapapasa kiberiti, akawasha koroboi, ndipo akaona kuwa sauti inatoka chini ya tenga ambalo mumewe, Jabiri, alirudi nalo jana jioni kutoka msitu wa Vikindu.

"Usimfunue sana," Jabiri alisema kutoka kitandani. Homa ilikuwa imemkausha sauti. "Siku tisa nimemsaka huyo. Mtazame macho tu."

Tunu akainua ukingo wa tenga. Alikuwa ndege mdogo, mgongo rangi ya majani makavu, kifua cha kijivu, wala hana la kusifiwa. Ila macho yake yalikuwa kama chungwa lililoiva upande mmoja: pembeni njano, na kadiri unavyosogea katikati ndivyo yanavyokolea wekundu.

"Hana uzuri huyu," Tunu alisema. "Ana macho tu."

"Kama wewe."

"Na kelele zake kama za nani?"

Jabiri akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichokatika upesi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao, mwaka wa tano sasa. Jabiri alinasa ndege kwa ulimbo, nao wakampelekea mama mmoja wa Kizungu aliyekaa upande wa Msasani, akiwachora kwa ajili ya kitabu. Watu walimwita Bibi Ndege. Lakini ndege akishakufa macho hufifia, kesho yake huwezi tena kujua yalikuwaje. Kwa hiyo Tunu, ambaye alikuwa msusi wa mikeka, alimtazama kila ndege angali hai, kisha akatia ukindu rangi mpaka ufanane na jicho lake. Kipande cha ukindu huo akakipiga fundo moja na kukifunga mguuni mwa ndege. Fundo moja maana yake macho. Bibi Ndege alichora kwa kufuata ukindu, na hakukosea hata mara moja.

Tena alikuwa ameahidi. Akipatikana ndege asiyejulikana katika vitabu vyao, atapewa jina la aliyemkamata. Jabiri alikuwa na hakika kuwa huyu ndiye.

Kabla ya adhuhuri Jabiri alikuwa amekufa. Ndege naye akafa chini ya tenga lake wakati watu wanashughulika na maji ya kuoshea maiti.

Tunu akaingizwa eda siku hiyo hiyo. Shangazi yake, Bibi Tabu, ndiye aliyemsimamia. Akamvisha nguo nyeupe, akamwondolea wanja na hina, akatoa nje vyungu vya rangi na kila ukindu uliokwisha kutiwa rangi.

"Shangazi, nahitaji kipande kimoja tu," Tunu alisema. "Kwa kazi ya marehemu."

"Rangi ni rangi, mwanangu. Miezi minne na siku kumi haikugusi. Usimtie mumeo aibu na kaburi lake bichi."

Hakubisha. Alifikiri: Bibi Ndege ni mtu wa akili, akikuta ukindu haukutiwa rangi atajua kuna jambo, atauliza. Akapiga fundo moja kwenye ukindu mtupu, mweupe kama ulivyokaushwa juani, akaufunga mguuni. Shemeji yake, Mwishehe, alipewa ndege kupitia pazia, akaondoka na baiskeli. Bibi Ndege hakuwapo, akamwachia mpishi.

Siku ya tatu ya matanga Bibi Ndege alikuja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi mkekani pamoja na wanawake, akalia kama wao. Alileta mchele gunia zima. Mtoto wa Tunu, Chausiku, aliyekuwa na miaka saba, alisinzia mapajani mwa Mzungu huyo, naye hakunyanyua mguu hata ulipokufa ganzi. Tunu aliyaona hayo yote, na hakuyasahau. Alipokuwa akiondoka, Bibi Ndege alimshika mkono: "Ndege yule ni mpya, Tunu. Ataitwa Jabiri."

Habari za macho hazikutajwa. Nani anazungumza kazi matangani?

Kisha, eda ikiwa bado haijaisha, Bibi Ndege akaenda kwao Ulaya, vita vya Hitler vikamzuia huko. Miaka kumi na moja Tunu alisuka mikeka na kungoja. Jabiri hakuacha nyumba ya mawe wala shamba. Kilichokuwa kinakuja ni jina lake katika kitabu, na Tunu alimsomesha Chausiku makusudi, ili siku hiyo aweze kulisoma mtoto wake mwenyewe.

Siku hiyo ikafika. Bibi Ndege alishuka kwenye gari, nywele zimekuwa nyeupe, akavua viatu kama zamani. Kitabu kilikuwa kizito, akakiweka mkekani kwa mikono miwili. Akafunua. Alikuwa ndege yule yule, mgongo wa majani makavu, kifua cha kijivu, kucha moja imepinda kama ilivyopinda kweli.

Chausiku akasoma maandishi ya chini. Akarudia, kidole kikifuata kila herufi.

"Mama," alisema, "baba hayumo."

Bibi Ndege alishika pindo la gauni lake. "Ni jina la shemeji yangu. Yeye ndiye aliyesimamia kitabu London. Niliwaandikia barua mbili, Tunu. Walisema jina hupewa mtu wa elimu."

"Huyo shemeji amewahi kufika Vikindu?"

"Hajafika Afrika."

Tunu akakisogeza kitabu karibu na mlango, penye mwanga. Ndipo akayaona macho. Yalikuwa meupe, meupe kabisa, kama ya kipofu.

"Na haya?"

"Nilifuata ukindu wako. Fundo moja, mweupe. Wamesifu sana macho hayo."

"Ule haukuwa mweupe. Ule ulikuwa haukutiwa rangi." Tunu aliongea taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusuka. "Nilikuwa ndani ya eda. Nilijua utaniuliza."

Bibi Ndege aliinama juu ya picha. "Yalikuwa rangi gani?"

"Rangi yake mwenyewe."

"Tunu, niambie. Picha yenyewe niliyoichora ninayo nyumbani. Naweza kuisahihisha kwa mkono wangu, na kitabu kikichapwa tena yatatoka sawa."

"Na jina?"

"Jina limeshaandikwa. Hilo silo langu kulibadilisha."

"Basi na macho yameshaandikwa."

Chausiku aliinamisha uso. Tunu alimtazama yule bibi kizee wa Kizungu, akakumbuka gunia la mchele, akakumbuka mguu uliokufa ganzi, na neno likamfika ncha ya ulimi. Chungwa, angesema, lililoiva upande mmoja. Lakini neno hilo lilikuwa la macho aliyoonyeshwa na Jabiri siku ya kufa kwake, na watu wa elimu wangelichukua nalo waliweke chini ya jina la mtu mwingine. Akalimeza.

"Kunywa chai, Bibi," alisema. "Imepoa."

Alikunywa, yote, ingawa ilikuwa imepoa kweli. Akamwachia Chausiku kitabu. Mlangoni alihangaika na kamba za viatu, Tunu akainama akamfungia.

"Meli yangu inaondoka mwisho wa mwezi," Bibi Ndege alisema. "Mlikuwa mkija kwangu, wewe na Jabiri, mkiketi barazani. Njoo tena, Tunu. Hata kama hutaniambia kitu, njoo."