Taa za Kuazima

Stendi nzima ya teksi anakofanya kazi mume wangu ilikuwa na seti moja tu ya taa za mlango, na waliiita Bibi Harusi. Waliipa jina hilo kwa sababu ilipambwa siku moja, ikatazamwa, ikasifiwa, kisha ikarudi ilikotoka. Agizo lilikuwa limetoka kwamba kila teksi iwe na taa nyekundu kwenye ukingo wa kila mlango, taa inayojiwasha mlango ukifunguliwa, ili anayekuja nyuma gizani aone kwamba hapo pana bati limechomoza barabarani. Agizo zuri, hakuna aliyelibishia. Ila madereva hushinda milango wazi kwa ajili ya joto wakisubiri abiria, na taa zikiwaka mchana kutwa betri inakufa. Kwa hiyo waling'oa zote, hata ile ya ndani, juu ya kichwa cha dereva. Siku ya gari kwenda kukaguliwa, fundi umeme wa pale stendi, ambaye wote humwita Waya, alizibandika zile taa za kuazima kwa utepe mweusi, akaunganisha nyaya, gari likapita, likapewa stika kwenye kioo cha mbele, na jua lilipokuwa likishuka Bibi Harusi alikuwa keshavuliwa, anamsubiri bwana mwingine.

Mzaha huo niliucheka na mimi. Mume wangu aliuleta nyumbani akanisimulia huku akimrusharusha mtoto. Alisema dereva mmoja mzee amewaonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nao wakamjibu kwamba mkaguzi haangalii matako, anaangalia mlango. Tulicheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Mume wangu si mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana mbele huko litakuwa gumu kusemeka. Ndiye huchemsha maji ya kumwogesha mtoto nikiwa nimechoka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa abiria. Pale stendi wanamwita Mpole, na hawamtanii.

Siku ambayo gari letu lilikaguliwa (nasema letu kwa mazoea, lina mwenyewe), mtoto alikuwa ameamka na homa. Jioni mume wangu akatupitia zahanati. Taa alikuwa amekwisha kuzirudisha kwa Waya, stika ilikuwa bado inanuka gundi, naye alikuwa mchangamfu. Dawa moja haikuwepo zahanati, kwa hiyo tulisimama mbele ya duka la dawa, kwenye barabara isiyo na nguzo hata moja ya taa. Ilikuwa ile saa ambayo bado unaona mbingu lakini huoni tena miguu yako.

Yeye huendesha peku, kwa sababu kandambili huteleza kwenye breki. Kwa hiyo akisimama, kwanza hufungua mlango wote, kisha huanza kuzitafuta kandambili chini ya kiti kwa vidole vya miguu. Alikuwa anazitafuta hivyo, mlango uko wazi barabarani, ananieleza jinsi mkaguzi alivyozisifu zile taa, ndipo gari likatikisika kwa kishindo na kitu kikapita juu ya mlango kikaanguka mbele.

Kilikuwa ni mtu. Na kwenye lami mikate ilitawanyika, mikate mingi, mingine bado inafuka moshi. Nilishuka na mtoto kifuani, nikawa napiga kelele, sijui nilisema nini. Yule aliyelala chini akaitambua sauti yangu kabla mimi sijautambua uso wake.

"Dada," akasema.

Alikuwa mdogo wangu, tuliyetoka tumbo moja. Alikuwa akipeleka mikate madukani kwa baiskeli, na safari hiyo ilikuwa ya mwisho kwa siku ile. Mguu wake ulikuwa umekaa namna ambayo mguu haukai.

Mume wangu alimwinua kichwa, akamwomba msamaha, shemeji, shemeji. Kisha akasogea pembeni na simu. Watu waliokusanyika walisema gari lisiguswe mpaka askari wa barabarani aje kupima, kwa hiyo nilijua anaita gari jingine la kumpeleka mdogo wangu hospitali. Na kweli gari lilikuja upesi. Aliendesha yule dereva mzee, na kando yake alikaa Waya, na kifuko mapajani.

Mzee na watu wawili watatu walimbeba mdogo wangu. Waya hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wetu.

Nilikuwa nimekaa nyuma, kichwa cha mdogo wangu kimelala pajani kwangu, gari linageuka, nilipoona wekundu unawaka kwenye ukingo wa mlango ule uliopinda. Ukazimika. Ukawaka tena. Walikuwa wanaujaribu.

Mdogo wangu naye aliona. "Ile haikuwepo," akasema polepole, kama mtu anayeuliza.

Askari alipofika, mlango ulifunguliwa mbele yake na taa ikawaka. Akatazama na stika, mpya kabisa. Hakuwa na la kuandika zaidi ya lile aliloliona: gari lilikuwa na taa yake, mwendesha baiskeli hakuwa makini.

Sasa, mtu aweza kuuliza, mguu si umevunjika tayari, maneno ya askari yana uzito gani? Yalikuwa na uzito kwa Mama Mikate. Huyo ndiye mwenye tanuri alikofanya kazi mdogo wangu, mama mnene mwenye sauti ndogo na sheria moja isiyopinda. Kijana wake akionewa barabarani, nafasi yake humngoja mpaka apone. Akiumia kwa uzembe wake, nafasi hupewa mwingine siku hiyo hiyo. Na mdogo wangu hakuwa wa kurudi kwenye baiskeli tu. Mama Mikate alikuwa amemwahidi kumwingiza ndani, ajifunze kukanda na kuoka, na daktari alikuwa ametuambia kwamba mguu ule utapona lakini utabaki mfupi. Kazi ya kusimama mezani angeiweza. Kwingine wangemtazama anavyotembea kisha wamwambie apite kesho.

Nilimweleza mume wangu yote hayo nikimwogesha mtoto. Alinisikiliza, akanipa taulo. Akasema akifungua mdomo haanguki peke yake. Waya atakwenda ndani, yeye atakwenda ndani, magari ya stendi nzima yatasimamishwa, na hili la kwetu litarudi kwa mwenyewe. Na mguu wa shemeji, akasema, utapona siku ileile uliyoandikiwa kupona, aseme au asiseme.

"Siuombei mguu," nikamwambia. "Naliombea jina lake."

"Jina haliliwi, mama."

"La kwake linaliwa. Ndilo linalomlisha."

Alimwaga maji ya beseni. Kisha akasema twende wote kwa Mama Mikate mdogo wangu akitoka hospitali, na kwamba huko atajua la kusema. Nilimwamini. Nilimfulia shati lake jeupe, nikalipiga pasi mpaka kwenye kola, nikawa nawaza kwamba mtu mpole akisema ukweli huaminiwa upesi kuliko mtu mwingine.

Ofisi ya Mama Mikate ni chumba kidogo nyuma ya tanuri, na kila kiti kina unga. Tulikaa wanne kama watu waliokuja kuposa. Mdogo wangu aliegemeza magongo yake ukutani, yakateleza, mume wangu akayaokota akayaegemeza vizuri. Mama Mikate akasema yeye hataki kesi wala polisi, anataka kujua jambo moja: kijana wake alifanya uzembe au hakufanya.

Mume wangu akavua kofia, akaiweka gotini. Akasema ajali haina kinga. Akasema kila kitu hupangwa, na kwamba tangu siku ile hata chakula hakipiti. Aliendelea hivyo, maneno laini, mazuri, na nikaona kwamba hilo ndilo alilojua la kusema, hakuna lingine linalokuja.

Basi nikasema mimi. Nilianzia kwenye Bibi Harusi nikamalizia kwa Waya na kifuko chake. Nilisema mlango ulikuwa wazi na mweusi kama mlango wa pango. Nilisema taa aliyoiona askari ilifika na gari lililokuja kumchukua majeruhi. Sikupaza sauti. Mama Mikate alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mume wangu. Mume wangu aliitazama kofia.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" Mama Mikate akamuuliza mdogo wangu.

"Dada ana uchungu, mama," akasema. "Taa ilikuwa inawaka. Mimi ndiye nilikuwa naangalia pembeni."

Nilimgeukia, lakini alikuwa anautazama unga kwenye vidole vyake. Mama Mikate akashusha pumzi. Akamwambia kwamba anamsikitikia, na kwamba mtu anayekubali kosa lake ana heshima yake, ila sheria ni sheria, na kijana mwingine amekwisha kuanza. Kisha akaniinamia mimi, kwa ile sauti yake ndogo, kama anayemfunza bintiye.

"Undugu ni kitu kizuri, mwanangu. Lakini usimsingizie mumeo uongo kwa ajili ya ndugu. Leo nimekusamehe, usirudie."

Mume wangu akasema, "Asante, mama."

Alitangulia kwenda kuleta gari. Nikabaki na mdogo wangu chini ya kibaraza, tukisikia wenzake wa ndani wakitaniana na kugonga makopo ya kuokea. Nilimuuliza kwa nini amenifanya mwongo. Akasema nisikasirike. Akasema shemeji alikwenda kumtazama wodini, peke yake, na machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda akayamenya yote.

"Akaniambia nikisema, utarudi kwa mama na mtoto mgongoni. Gari hamna, yeye yuko ndani, wewe huna pa kushika."

"Alisema hivyo?"

"Alisema kwa upole." Akapanga magongo yake. "Nyumba yako ina mtu mdogo ndani yake, dada. Mkate utaokwa tu kwingine. Na baiskeli nitanunua ya pedali moja, nusu bei."

Alitaka nicheke. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, akianguka anakuchekesha wewe ili usimwone analia. Sikuweza. Nilifikiria yale machungwa, jinsi mume wangu anavyomenya, ganda halikatiki, linatoka refu kama utepe. Humwondolea mtoto hata mbegu. Basi aliketi pale akamwondolea mbegu mdogo wangu, na mimi ndiye niliyewekwa rehani, na wala sikuambiwa.

Usiku huo nilimuuliza. Hakukana. Alisema amefanya hivyo kwa ajili yetu, na akanishika bega, na mkono wake ulikuwa na joto lilelile la siku zote. Nilitamani uwe mkono wa mtu mwingine, mtu mkali, nijue namna ya kuuondoa.

Mdogo wangu aliamua kurudi kwa mama mpaka plasta itolewe. Baada ya hapo, alisema, ataona. Nilimwambia mjini kwa mama kuna tanuri mbili na zote zina meza za kusimama, na kwamba nitawaandikia wenye tanuri wote wawili barua mimi mwenyewe. Akasema niandike. Alisema hivyo kunifurahisha, lakini mimi nilikuwa nasema kweli, na nimeanza kuziandika.

Mume wangu alikataa katakata mdogo wangu aende kituo cha mabasi kwa gari la kulipia. Shemeji yake apande teksi ya watu, naye yupo? Asubuhi akalipangusa gari, akaweka mto kiti cha nyuma, akamsaidia kuingia na kumnyooshea mguu juu ya kiti. Njiani alisimama akamnunulia maji na biskuti. Alimuuliza habari za mama. Aliendesha taratibu kwenye matuta ili plasta isigonge. Ungemwona ungesema, huyu ndiye shemeji.

Kituoni kulikuwa na msongamano, ikabidi asimame kando ya barabara kubwa. Kwa jinsi mdogo wangu alivyokaa, mlango wa kushukia ulikuwa ule wa upande wa magari. Akaweka mkono kwenye kitasa.

"Shemeji," mume wangu akasema, "tazama nyuma kwanza kabla hujafungua."

Alilisema kama anavyowaambia abiria wote. Hakuwa anatania, wala hakuona kwamba amesema kitu. Niliusoma uso wake kutoka ubavuni, nilipokuwa nimekaa na mtoto, nikitafuta hata mshtuko mdogo. Haukuwepo. Kwake yeye jambo lile lilikuwa limekwisha, na kama alivyoandika askari, ndivyo lilivyotokea.

"Asante, shemeji," mdogo wangu akajibu, na akatazama nyuma, kwa utii.

Nikashuka. Nilizunguka gari na mtoto kiunoni, nikasimama barabarani, nyuma ya ule mlango, nikaufungua mimi. Magongo yakatoka kwanza, kisha mguu wa plasta. Mwendesha baiskeli mwenye kreti za soda alikuja mbio, akakwepa, akaniuliza kama nataka kufa.

"Sitaki kufa," nikamwambia. "Nataka unione."

Akapita kwa mbali akiguna. Mume wangu akapiga honi, kidogo tu, kwa upole, kunijulisha kwamba nyuma yetu kuna gari linataka kupita na kwamba tunawachelewesha watu. Akapiga tena. Mdogo wangu alikuwa bado anatafuta pa kuweka gongo la pili. Sikusogea.