Vindege vya Unyoya

Kabla ya Jumamosi ile, Unyoya hakujua kinyaa ni nini. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika chumba chake cha kazi nyuma ya zahanati alishashika kila kilichowahi kukaa kinywani mwa binadamu. Wazee walimletea meno yamefungwa kwenye leso, mabaki ya chakula cha jana yamo humo humo. Aliyaosha, akayasugua, akaenda kula chakula chake cha mchana bila hata kukunja uso. Wenzake walisema ana tumbo la chuma.

Jina la Unyoya alilipata kwa sababu ya vindege. Alikuwa akitengeneza glaida, vindege visivyo na injini vinavyoelea hewani, vidogo kiasi cha kukaa kiganjani. Mabawa aliyachonga kwa mbao nyepesi na kuyapiga msasa mpaka ukiyainua kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Kila kipande alikipima kwenye mizani ya maabara. Kikizidi hata kidogo, kinarudi kwenye msasa. Chini ya tumbo alichomeka kijiroketi cha dukani, kibomba cha karatasi kisichozidi kidole cha mwisho. Ukiunganisha waya na betri, kindege kinafyatuka wima kwa sekunde moja na nusu hivi, kisha kile kibomba kilichokwisha kazi kinajichomoa na kuanguka, na kindege kinajilaza juu ya hewa na kuanza kurudi chini kwa mizunguko ya taratibu. Hapo ndipo Unyoya alipokuwa akisahau kupumua.

Mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa na meneja wa ukumbi wa sherehe. Penye maegesho ya ukumbi ule palikuwa na miti mitatu mikubwa ya kivuli, na juu yake yangeyange, wale ndege weupe wa miguu mirefu, walikuwa wamejenga viota visivyo na hesabu. Magari ya wageni yaliondoka pale yamepakwa chokaa. Bibi harusi mmoja aliwahi kudondoshewa begani kabla hata hajaingia mlangoni, na ndugu zake walimkalia Meneja kooni wiki nzima.

Basi Meneja akaja kwa shemeji yake. Alimweleza kwamba amefikiria kuwatisha wale ndege wahame wenyewe, bila kumdhuru hata mmoja, kwa kurusha vindege vyenye umbo la mwewe vilivyobeba filimbi ndogo. Aliuliza kama kindege kinaweza kubeba gramu tano na bado kiende moja kwa moja. Unyoya alisema hakiwezi, lakini usingizi ukampaa. Wiki tatu alichora na kufuta. Alirefusha mabawa, akasogeza mkia nyuma, akazipinda ncha za bawa kidogo tu kwa mvuke wa birika ili kindege kisilewe kikibeba mzigo. Meneja alikuwa akipita kuangalia, na maswali yake hayakuisha. Kwa nini filimbi isining'inie mbali kidogo na mbao? Na gundi gani haishiki moto upesi? Unyoya alimjibu yote, tena kwa furaha, maana ni nadra mtu kumuuliza habari za gundi. Akamkabidhi vindege kumi kwenye sanduku la viatu, kila kimoja kimefungwa kwa pamba.

Jumamosi asubuhi mdogo wake alimpigia simu aje aone. Unyoya alifunga kazi mapema, akavaa gauni lake zuri.

Harufu ilimpokea getini. Ilikuwa kama ya nywele zilizoungua, ila nzito zaidi, yenye mafuta ndani yake, ikakaa kwenye ulimi. Kwenye maegesho watu kumi na watano hivi walikaa kwenye viti vya plastiki, simu juu, wanarekodi. Mti wa kwanza ulikuwa unafuka moshi sehemu tano. Chini yake mtunza bustani alikuwa akikusanya vitu kwa sepetu na kuvitia guniani, ameugeuza uso pembeni. Unyoya alidhani ni matambara. Kisha tambara moja likafungua mdomo.

Wakati huohuo waya uliunganishwa na kindege cha sita kikaruka. Kilipaa kikiwa kimenyooka, mzigo wake ukining'inia chini, na ule mzigo haukuwa filimbi. Ulikuwa donge la pamba lililochovywa mafuta ya taa, na lilikuwa linawaka. Kindege hakikuyumba. Kilijilaza vizuri, kikateleza katikati ya matawi, kikaingia kwenye kiota kikavu, na kiota kikashika.

Watu walipiga makofi. Unyoya aligundua kwamba kwa sekunde mbili nzima, kabla ya moto, yeye alikuwa akitazama mabawa. Alikuwa amefurahi kwamba ncha zile zimefanya kazi. Alikwenda nyuma ya gari la mtu na kutapika kila alichokunywa tangu asubuhi.

Aliporudi, Meneja alikuwa akitafuna karanga. Akamwambia, "Shemeji, umeona mikono yako ilivyo na baraka?"

"Filimbi iko wapi?"

"Filimbi ilikuwa maneno tu. Ningekwambia ukweli ungekubali?"

Punje ya karanga ilikuwa imemganda Meneja kwenye jino la mbele, na Unyoya, aliyezoea vinywa vya watu wote, hakuweza kuutazama mdomo ule. Alikwenda kwenye sanduku la viatu. Vilibaki vinne. Alivitoa kimoja kimoja na kuvivunja, na kila kimoja kilitoa mlio mdogo mkavu. Wageni walishusha simu. Mdogo wake alimshika mkono, akamnong'oneza kwamba anawaaibisha mbele za watu.

Meneja hakukasirika hata kidogo. Alitoa mfukoni karatasi, akaikunjua. Bawa la Unyoya lilikuwa limechorwa pale kwa kalamu ya wino, kwa kulizungushia ukingoni. Alisema seremala wake atamtengenezea hata mia.

Unyoya aliitazama ile karatasi. Ule mpindo wa ncha haukuwamo. Karatasi haiwezi kuuonyesha. Alivua mtandio wake, akaenda kwa mtunza bustani, akaomba kifaranga kile kilichofungua mdomo. Mzee yule alikitoa guniani, akakipuliza majivu.

Nyumbani, kifaranga kilimtapikia panzi waliosagika nusu kwenye gauni zuri. Kilinuka. Ngozi yake ilikuwa tupu na ya buluu, miguu mirefu isiyo na adabu, na kila alipokikaribia kilimlenga machoni. Hakikuwa na uzuri wowote wa kumliwaza mtu. Unyoya alikilisha nyama iliyosagwa kwa koleo lake la kushikia meno, huku amebana pumzi, na kila mara akaenda kunawa mikono mpaka viwiko, kisha akanawa tena.

Baada ya siku kumi mdogo wake alikuja kazini. Vindege vya seremala vilikuwa vikizunguka kama pia na kuanguka penye viti, na kimoja nusura kimuunguze mpishi. Mumewe alikuwa ameomba, kwa heshima zote, shemeji aje kurekebisha.

"Mwambie sitaki," Unyoya alisema.

"Dada, ni ndege tu. Kinyesi chao kilikuwa kinatutia kichefuchefu."

"Kinyesi kinaoshwa. Mimi tangu siku ile nanawa, na bado."

Mdogo wake alimwuliza mbona nyama iliyosagwa imo kwenye friji ya vifaa vya kazi. Unyoya akafungua kasha lililokuwa chini ya meza, ambamo alikuwa akija na kifaranga kazini kila siku. Mdogo mtu aliziba pua, akarudi nyuma mpaka ukutani, akatazama muda mrefu sana. Alisema siku ile yeye pia alirekodi, na kwamba hajawahi kuifungua ile video, wala hawezi kuifuta.

Wiki iliyofuata Meneja aliikata miti yote mitatu kwa msumeno, na hilo halikuchukua hata nusu siku. Magari sasa yanaegeshwa juani. Unyoya hajakanyaga tena nyumba ile wala kula mezani pa shemeji yake, na vijiroketi vilivyobaki alivirudisha dukani. Lakini kila Alhamisi mdogo wake hupita zahanati na kopo la panzi aliowakamata mwenyewe, yeye ambaye hata mende humpandisha kitandani. Hulishika kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuza kando, na kuuliza kifaranga kimeota manyoya mangapi.