Mikono katika Albamu ya Brian

Jino la kwanza la Brian lilitoka Jumatano saa tatu asubuhi, mama yake akiwa Dodoma kwenye semina. Anande aliporudi Ijumaa na kupewa habari, alisema si neno, jino litapigwa picha kesho. Jumamosi akavaa gauni lake la kitenge, akaketi barazani kwao Njiro, akampakata mtoto na kumfunua mdomo kwa kidole. Mumewe Philemoni, dalali wa mawe ya thamani ya Mererani, akapiga picha mbili kwa kamera mpya ya Kijapani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Maduka ya Arusha yalikuwa yamejaa vitu tena, na Anande alikuwa amenunua albamu nene ambayo kurasa zake zimeandikwa tayari: kicheko cha kwanza, jino la kwanza, hatua ya kwanza. Shirika lililomwajiri liliwafundisha wanawake wa vijijini faida za mama kuwa karibu na mtoto wake mchanga. Kazi ilikuwa na safari nyingi. Brian alikaa na Theresia, dada wa kazi kutoka Oldonyo Sambu, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Theresia naye alikuwa na mtoto wa kiume, Lesian, aliyemzidi Brian wiki tatu. Alimwachisha ziwa kabla ya wakati, akamwachia mama yake, akaja kushika kazi.

Jumanne Theresia alitumwa studio, Ngarenaro, kuchukua picha. Ile ya jino ilikuwa imetoka vizuri, haina ukungu, ila haikuwa ya barazani. Ilikuwa ya jikoni, Jumatano saa tatu: Theresia yumo ndani ya sare yake ya buluu, kidole chake ki mdomoni mwa Brian, wote wawili wanacheka, na nyuma yao sufuria ya uji inafurika.

Eliamini, mwenye studio, aliisogeza dirishani akaitazama.

"Mkanda ndivyo ulivyokuja," alisema. "Mimi nasafisha tu."

Nyumbani Anande aliishika picha kwa muda.

"Kumbe uji ulifurika siku ile?"

"Kidogo, Mama Brian."

"Ungeniambia. Jiko la umeme likiingia maji linakufa."

Tangu hapo ikawa vivyo hivyo. Anande aliketi na mtoto zuliani ili mtoto aonekane anavyojua kukaa. Picha ikatoka na Theresia, alasiri ya siku nyingine, kivulini mwa ukuta. Akajaribu kuvaa sare ya Theresia. Haikusaidia. Philemoni alidhani ni betri, wakanunua betri. Jirani yao Ruth, mhasibu, alisema hata kwake ni hivyo hivyo: katika picha zote za mwanawe yeye yumo katika moja tu, ya ubatizo. Kamera za siku hizi, alisema, zinapiga aliyekuwepo.

Basi Anande akachukua mkasi. Alikata taratibu, bila kumgusa mtoto. Akaondoa kichwa cha Theresia, mabega na sare, akabakiza Brian na mikono miwili iliyomshika. Chini yake akaandika kwa wino: *Mama na Brian*. Vichwa alivitia kwenye bahasha, kwani aliona si vizuri kutupa sura ya mtu.

Wageni wa shirika walipokuja kula chakula cha mchana, bibi mmoja wa Kizungu alipekua albamu akasema mikono hii imefanya kazi nyingi mno, pole sana. Anande akaitikia, "Asante." Kesho yake alimletea Theresia chupa ya glisirini, akamwomba apake kila asubuhi kabla ya kumshika mtoto. Theresia akapaka. Mikono ikalainika mpaka vikombe viwili vikamponyoka.

Karibu na Pasaka Theresia aliomba ruhusa.

"Mama Brian, naomba siku tatu tu nikamwone mwanangu. Wameniletea habari anakohoa."

"Tere, si unajua Jumatatu nasafiri? Nenda Jumapili, urudi kabla Brian hajalala. Bila wewe halali, unamjua." Kisha akamhurumia, akamkabidhi kamera. "Zimebaki picha nne. Na wewe uwe na kumbukumbu yako."

Oldonyo Sambu kulikuwa na upepo na vumbi. Lesian alikuwa mgongoni kwa bibi yake, anakohoa. Theresia alimvika fulana mpya, akampakata, akaketi naye mbele ya nyumba. Mtoto akalia akimnyoshea bibi mikono. Lerionka, kaka yake Theresia, akabonyeza mara nne kama alivyoelekezwa.

"Angekuzoea ifikapo jioni," mama yake alimwambia. "Ila jioni huwa hupo."

Picha zilikuwa tayari Alhamisi. Katika ya kwanza bibi anapuliza moto, mtoto mgongoni. Katika ya pili anamnywesha dawa kwa kijiko. Katika ya tatu wamelala, mtoto ameshika shanga za bibi. Katika ya nne Lesian amesimama peke yake, ameinua mguu mmoja, na bibi amechuchumaa mbele yake, mikono wazi.

"Mimi niko wapi?" Theresia aliuliza.

Eliamini alizigeuza picha nyuma, akalinganisha namba na za kwenye bahasha.

"Ulikuwa wapi?" akauliza, kama mtu anayeulizia stakabadhi.

"Njiro."

"Basi," akasema Eliamini, akamfungia picha zake.

Anande alipoziona alisikitika kweli, machozi yalimlengalenga. Akaenda chumbani, akarudi na ile bahasha ya vichwa.

"Chukua, mdogo wangu. Bandika unapotaka."

Theresia alichagua kichwa cha siku ya jino, kwa kuwa kilikuwa kinacheka. Alikibandika kwenye picha ya hatua, kando ya bibi. Kilishika vizuri. Lakini macho yake yalikuwa yameinama upande wa kushoto, pale alipokuwa Brian, na upande huo katika picha hii palikuwa na debe la maji. Akaonekana analichekea debe. Alijaribu kukigeuza, kikawa kichwa chini. Akakiacha, na Lerionka alipokuja mjini akampa picha apeleke nyumbani.

Krismasi alipata ruhusa tena, siku moja tu, maana Anande alikuwa mjamzito na alikwisha kununua albamu ya pili. Alimkuta Lesian anatembea, anasema Kimaa, lugha ya kwao. Bibi alikuwa akimwonyesha ile picha kila asubuhi na kumtajia jina la mama yake. Mtoto akamtazama Theresia kwa makini, akaja mpaka miguuni pake, akainamisha kichwa, kama watoto wa kule wanavyowainamishia wakubwa wote, jirani au mpita njia, ili waguswe.

Theresia akaweka kiganja utosini pake, kama inavyopasa kumgusa mtoto wa mtu. Mtoto alipokwisha kuguswa, akarudi kwa bibi yake.