Neno Lenye Kigugumizi

“Msitazame mbali,” Bi Nyundo aliwaambia watu thelathini na kitu waliokuwa wakimfuata ufukweni. “Tazameni pale mnapotaka kukanyaga. Hawa wazee wanakaa chini ya soli za viatu, na hawana haraka.”

Watu wakacheka, wakainamisha vichwa. Maji yalikuwa yametoka, yakaacha miamba bapa, vidimbwi na mchanga mgumu unaombeba mtu vizuri. Bi Nyundo alikwenda mbele, nyundo ndogo iliyompa jina ikimgonga kiunoni, akiongea bila kugeuka. Aliwakataza kusimama chini ya jabali, kwa sababu mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imelilegeza. Aliwakataza kuchokonoa chochote kilichoshikamana na mwamba. Kilichokwisha kuanguka chenyewe, hicho ruksa. Kila baada ya hatua kadhaa aliokota jiwe, akaligeuzageuza mpaka akauona mstari wake, akaligonga pigo moja tu juu ya mstari huo, nalo likaachana vipande viwili. Safari hii ndani mlikuwa na kiumbe aliyejikunja mviringo hadi katikati, mistari yake yote inahesabika.

“Huyu anaitwaje?” mama mmoja aliuliza.

“Mzee wetu,” Bi Nyundo akajibu, akaendelea na safari.

Jina halisi alilijua. Ni kisukuku, yaani mnyama au mmea wa zamani sana aliyegeuka jiwe. Ila Bi Nyundo alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na neno hilo lilikuwa adui yake wa kudumu. Akitembea, ulimi ulikuwa mwepesi. Miguu ikisimama, na ulimi nao unasimama. Darasa la nne mwalimu alimwinua alisome neno hilo ubaoni. Akasema, “Kisu.” Akakwama. Darasa zima likasubiri. Akajikaza, macho yamemtoka, akamalizia, “Kuku.” Mtu mmoja huko nyuma akauliza sufuria iko wapi, na tangu siku hiyo hadi anamaliza shule hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Ukitazama vizuri, alionewa. Neno lenyewe lina kigugumizi ndani yake. Akilitamka sawasawa, watu hudhani amekwama. Akikwama kweli, hudhani ameshamaliza.

Kaka yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa kinyozi, na aliongea kuliko mkasi wake. Tangu wakiwa wadogo ndiye aliyekuwa mdomo wa dada yake, dukani, shuleni, hospitalini. Dada akifungua kinywa, kaka anamalizia. Mara nyingine alimalizia sivyo. Dada akianza na “s”, kaka anadaka “sabuni”, na wanarudi nyumbani na sabuni wakati mama anasubiri sukari. Kwa dada ilikuwa rahisi kunywa chai isiyo na sukari kuliko kuanza upya.

Kwa miaka ishirini na miwili tamasha la mawe ya kale lilikwenda hivyo hivyo. Siku ya kwanza alasiri dada aliwatembeza watu ufukweni. Siku ya pili asubuhi kaka alizungumza ukumbini, mbele ya sanduku la kioo alimolala samaki wa jiwe mwenye urefu wa mkono hadi kiwiko, magamba yote mahali pake. Watu walimwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyojipanga. Kinyozi alisimulia alivyompata: alikuwa anapita zake, kamba ya kiatu ikafunguka, akainama kuifunga, akamwona. Sehemu hiyo ukumbi mzima ulikuwa ukiisema pamoja naye.

Mwaka huu, miezi mitano kabla ya tamasha, Kinyozi alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yote yakaondoka. Daktari alisema huenda yakarudi, moja moja, na asikimbizwe.

Katibu wa tamasha, mwanamke mchapakazi asiyependa pengo katika ratiba, alimtafuta mtangazaji wa redio asome hotuba ya Kinyozi kutoka kwenye karatasi. Walikuja kufanya mazoezi nyumbani kwa mgonjwa, kwa heshima. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito ya kupendeza. Alipofika kwenye kamba ya kiatu, alisoma kama anayesoma bei za mazao, na Kinyozi akageuzia uso wake ukutani.

Bi Nyundo alikuwa anakusanya vikombe. “Ni-nitaongea mimi,” alisema.

Katibu alimtazama. “Dada yangu, pale kuna watu mia mbili.”

“Najua. Viti navipanga mimi.”

Ilikuwa kweli. Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa kufagia ukumbi ule, kupiga deki na kupanga viti. Wifi yake, mke wa Kinyozi, alikohoa ili asicheke. Katibu akakubali kwa sharti moja: mtangazaji atasimama pembeni na karatasi zake, na Bi Nyundo akikwama, atapokea papo hapo. “Sitaki kaka yako aaibike mbele za watu,” alisema. “Akiona kazi yake inaharibika, itammaliza.”

Hilo ndilo lililomkosesha Bi Nyundo usingizi. Aibu yake mwenyewe alishaizoea, alikuwa nayo kama jirani. Aliyemwogopea ni kaka yake, ambaye angekaa mstari wa mbele bila uwezo hata wa kumwokoa.

Siku ya pili ya tamasha, saa nne asubuhi, ukumbi ulikuwa umejaa. Kinyozi alikaa mbele kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa vizuri na mkewe, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu. Mtangazaji alisimama karibu na pazia. Bi Nyundo alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti chenye waya mfupi, akajua palepale kwamba amekosea. Waya ulimfunga mahali pamoja.

“Ha-habari za asubuhi,” alisema. “Leo tutaongea kuhusu visu...”

Akakwama.

Aliijua hali ile vizuri. Koo linafunga mlango na mwenye nyumba yuko nje. Watu wa mstari wa mbele, watu wema, wakaanza kumsogezea midomo, kuku, kuku, kama wanaomlisha mtoto. Nyuma mtu akacheka kidogo, akajiziba. Mtangazaji alipiga hatua moja. Kinyozi alikuwa anamtazama dada yake, mdomo wake umefunguka upande mmoja, ukihangaika kutoa kitu ambacho haukuwa nacho. Bi Nyundo alimwona, akaumia, na maumivu hayo yakamfanya ashushe kipaza sauti na kuinua kiganja kumzuia mtangazaji.

“Mnisubiri,” alisema. “Visu vimefika. Kuku yuko njiani.”

Ukumbi uliangua kicheko, kicheko cha kumkaribisha. Alisubiri kiishe. Kisha akaweka kipaza sauti sakafuni, akafungua sanduku la kioo kwa ufunguo aliokuwa nao miaka yote kwa ajili ya kupangusa vumbi, akamtoa samaki kwa mikono miwili. Katibu alishika kichwa. Bi Nyundo akashuka jukwaani na kuanzia pale anapoanzia kufagia kila asubuhi, kona ya dirisha, akafuata njia ya ufagio wake katikati ya viti, mstari kwa mstari.

“Visukuku,” alisema akitembea, na neno likapita kama mtu aliyekuta mlango wazi. “Mguseni huyu. Taratibu, kwa kidole kimoja. Huyu alikufa siku moja kama sisi tutakavyokufa, akaangukia kwenye tope laini, na tope likamfunika kabla hajaliwa. Bahati yake ndiyo hiyo tu. Hakuwa mkubwa, wala mkali. Alifunikwa mapema.”

Watu walinyoosha vidole. Aliwaeleza jinsi jiwe lenye mstari linavyofunguka na lisilo na mstari linavyopoteza muda wako. Aliwaeleza kuhusu mswaki laini na maji ya uvuguvugu, na mtu mmoja aliyemsugua mzee wake kwa brashi ya sufuria akabaki na jiwe tupu. Hakukwama hata mara moja. Alipita mstari wa nne, wa tano, na alipokata kona ya mwisho kurudi mbele, alikuwa amefika kwenye sehemu ambayo kila mtu aliisubiri.

“Basi siku hiyo kaka yangu alikuwa anapita zake,” alisema, “kamba ya kiatu ikafunguka...”

Ukumbi ukavuta pumzi, tayari kuitikia. Lakini wakati huo alikuwa anapita mbele ya kaka yake, na kaka yake akamshika upindo wa blauzi kwa mkono wake mzima. Akavuta. Bi Nyundo akasimama, akadhani anataka maji. Akavuta tena, na tena, kwa nguvu ya mtoto mwenye haraka, akitikisa kichwa.

Ni wao wawili tu waliojua. Miaka ishirini na miwili nyuma hapakuwa na kamba ya kiatu. Kaka alikuwa amekaa juu ya mwamba anakula karanga. Aliyemwona samaki ni dada, akakimbia kumwita, akafungua kinywa na neno likakataa, akaishia kumvuta shati. Kaka alikuja, akaona, akageuka na kupiga kelele ufukwe mzima. Walipokuja watu kuuliza ni nani, alikuwa ameshaanza kusimulia. Hakuiba, ukimjua. Alimalizia tu, kama alivyozoea, na akamalizia sivyo. Na Bi Nyundo hakuwa na kinyongo, au tuseme alikuwa nacho kidogo, cha ukubwa wa kokoto kwenye kiatu, na mtu anaweza kutembea nacho miaka mingi.

Sasa alisimama mbele ya kaka yake, samaki mikononi, miguu imetulia. Macho ya Kinyozi yalikuwa yamejaa maji. Mkono wake haukuachia blauzi.

“Hakuna kamba,” Bi Nyundo alisema. Ilimchukua muda. Kila sauti ilibidi ainyanyue peke yake. “Aliyemwona... ni mimi.”

Viti vikalia, kila mtu akinyoosha shingo.

“Mbona hukusema miaka yote hiyo?” katibu aliuliza kutoka pembeni, amesahau kwamba yeye ndiye mwenye ratiba.

Bi Nyundo alifikiri. “Nilikuwa natafuta neno,” akasema.

Aliyecheka wa kwanza ni Kinyozi. Kilitoka kicheko cha upande mmoja, kibovu, chenye mate, na mkewe akampangusa huku naye anacheka na kulia. Mtangazaji alikunja karatasi zake, akazitia mfukoni, akapiga makofi kuliko wote.

Alasiri hiyo palikuwa na matembezi ya mwisho. Kinyozi hakuwa ameukanyaga mchanga tangu augue, magurudumu yanazama. Ila watu waliotoka ukumbini hawakutaka kusikia habari za magurudumu. Wanaume wanne walimbeba na kiti chake, mmoja wao mtangazaji, viatu vyake vinavyong’aa vimening’inia shingoni kwa kamba. Walimweka kwenye mwamba bapa, mbali na jabali, vidimbwi vikimzunguka. Wifi akamfunika magoti kwa kanga. Bi Nyundo akaanza kuwazungusha watu, akiongea akitembea, kila mara akimtupia kaka yake jicho.

Mzunguko wa tatu alimkuta ameinamia upande, karibu atoke kitini. Kidole chake kilielekea kwenye ufa kati ya mawe mawili. Bi Nyundo akachuchumaa, akatazama, akaona: mviringo mpana kama sahani, umekaa wazi, umeoshwa na maji ya mchana huohuo. Alikuwa amepita hapo mara mbili bila kuuona. Aliinua uso. Midomo ya kaka yake ilikuwa inatafuta mahali pa kuanzia.

“K...” Kinyozi alisema.

Ilikuwa sauti ya kwanza ya neno kutoka kwake baada ya miezi mitano. Mishipa ya shingo ilimsimama. “K... k...”

Wifi alifungua kinywa amsaidie, na Bi Nyundo akamgusa mkono. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake mwenyewe, jepesi, zima, tayari kutoka. Akalimeza. Akapiga magoti kwenye mchanga wenye maji mbele ya kiti, akaweka nyundo kando.

“Tupo, kaka,” alisema. “Chukua muda wako.”

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yaliingia kwenye kidimbwi cha kwanza, yakajaza, yakaja cha pili. Watu thelathini walisimama na nyayo zilizolowa, wote wanalijua neno, na hakuna aliyelisema.