Matanga ya Bi Nyamizi

Naapa kwa nywele zangu nne zilizobaki, haya ni kweli tupu. Usiku wa jana niliota naingia sebuleni kwangu, hapa Tabora, nikakuta matanga.

Watu wamejaa mikekani. Sura zao sizijui, ila majina nayajua, maana kila mmoja anajitambulisha kwa jina analotumia kwenye kundi letu la simulizi za kutisha mtandaoni.

"Mimi Jeneza Tupu," mmoja ananipa mkono. "Pole sana, Babu Kaburi, kwa kufiwa na mke."

Nyuma yake Fuvu Mpole analia kwa kwikwi, biskuti mkononi.

Nikakumbuka. Wiki iliyopita niliandika kwamba kabati letu la nguo limemmeza mke wangu, Bi Nyamizi. Mwenyewe alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilipata pole mia nne. Tangu nistaafu ukarani wa reli, nyumbani hanisikilizi mtu hata nikisema paa linaungua. Kule kundini nikisema neno, watu wanalala na taa.

"Marehemu yuko wapi?" nauliza.

"Ndani yangu," linajibu kabati. Limekaa kwenye kiti changu, limevaa miwani ya kusomea. "Mimi ndiye admini. Kanuni ya kwanza ya kundi: kila simulizi ni kweli. Wewe uliandika, sisi tukatii."

"Baba Milembe!" Sauti ya mke wangu hiyo, inatoka ndani. "Umenizika na koti lako la reli. Linanuka!"

"Toka basi."

"Nitoke vipi, na wewe umeandika mlango hauna kitasa kwa ndani?"

Ni kweli, niliandika. Sentensi ile ilisifiwa mno.

Sebule sasa ni stesheni. Mikeka imetandikwa juu ya reli. Birika la chai limesimama na bendera ya kijani.

"Treni ikiondoka, matanga yanaanuliwa," linasema, likifuka mvuke. "Yakishaanuliwa, marehemu ni marehemu."

"Hakuna njia?"

Kabati linavua miwani. "Mwandishi aseme mbele ya watu kwamba alidanganya. Ila atatolewa kundini, na simulizi zake zitafutwa. Zote arobaini na moja."

Nikawatazama wasomaji wangu. Wote wamenikodolea macho. Maisha yangu yote sijawahi kutazamwa hivyo.

"Sehemu ya pili, Babu," ananong'ona Jeneza Tupu.

Birika linainua bendera.

Naona aibu kulisema hili: nilifikiri. Nilifikiri mpaka mkono wa Bi Nyamizi, uliokuwa ukigonga mlango kwa ndani ya kabati, ukachoka, ukaacha.

"Nilidanganya!" nikapiga ukelele. "Anachambua mchele!"

Wakainuka mmoja mmoja, wakakunja mikeka, wakaenda zao bila kuaga. Fuvu Mpole alirudisha biskuti kwenye sahani.

Nikaamka jua limeshachomoza. Kwenye simu, mstari mmoja: "Umeondolewa kwenye kundi." Bi Nyamizi amekaa ukingoni mwa kitanda, anachomoa utando wa buibui kwenye nywele zake.

"Baba Milembe," anasema bila kugeuka, "ulikuwa unafikiri nini muda wote ule?"

Akanikabidhi ufagio, akanionyesha kabati. Basi nimeingia, nafagia kona moja moja gizani. Mlango kaushika yeye kwa nje.

"Mama Milembe, utanifungulia?"

"Ngoja kwanza," anasema. "Nafikiri."